Je, Wajua? Kisu cha Kukunja Kikikaza, Usikitupe

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini makali hayamfai mtu ikiwa kisu chenyewe hakifunguki. Bamburi yetu ni ya mvuvi anayekata kamba, mwashi anayepasua mfuko wa saruji na muuza maembe wa ufuo wa Kenyatta, na kila mmoja wao anakijua kisu cha kukunja. Wote pia wanajua siku ambayo kisu hicho hukaza ghafla, au hufunguka kwa kukwaruza kana kwamba kinasaga mawe. Wengi hukitupa. Soma kwanza mambo haya, kisha ukitoe chako mfukoni.

MCHANGA

1. Je, wajua kwamba kisu kinachokwaruza mara nyingi hakina ubovu wowote? Sauti ile hutoka mahali padogo mno: kwenye pini ambayo bapa huizunguka, na pale bapa linapobanwa kushoto na kulia, mara nyingi kwa washa mbili nyembamba. Chembe moja ya mchanga ikiingia hapo, mkono mzima unaisikia.

2. Je, wajua kwamba mchanga wa ufuo wa Bamburi si wa aina moja? Umo uliotokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na umo wa kwatsi, madini magumu yanayong'aa ambayo viwandani hutengenezewa kioo. Jicho huenda lisitofautishe, lakini kisu kinatofautisha.

3. Je, wajua kwamba unaweza kuzitambua aina hizo mbili ukiwa jikoni? Tia mchanga kidogo kwenye kisosi, ukamulie ndimu au umwagie siki, kisha uutazame kwa karibu. Chembe za matumbawe zitatoa vipovu vidogo vidogo, kwa sababu asili yake ni chokaa, na chokaa ikikutana na asidi hutoa gesi. Chembe zinazobaki kimya chini ya kisosi ndizo za kwatsi. Hizo ndizo adui wa kisu chako.

4. Je, wajua kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa pwani hii imepitia tumboni mwa samaki? Pono huguguna matumbawe kwa meno yake mithili ya mdomo wa kasuku, huyasaga, kisha huyatoa yakiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka.

5. Je, wajua kwa nini kwatsi inatisha? Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Chembe za matumbawe ziko kwenye 3 hadi 4. Chuma cha kisu kilichotiwa moto na kupozwa vizuri kiko kwenye 5.5 hadi 6.5. Kwatsi ni 7. Kwa hiyo kwatsi hulikwaruza bapa la kisu, na washa laini za shaba huumia kabla ya kitu kingine chochote.

6. Je, wajua kwamba kutia mafuta kwenye kisu chenye mchanga ni kukiua polepole? Nenda gereji umwangalie fundi wa injini akisaga valvu. Dawa anayopaka ni grisi iliyochanganywa na chembe ngumu, na kazi yake ni kula chuma. Ukidondosha mafuta juu ya mchanga umetengeneza dawa ile ile ndani ya kisu chako. Kitateleza kwa siku mbili tatu, kisha kitaanza kuyumba, na kisu kinachoyumba ni kigumu kuliko vyote kukirekebisha.

7. Je, wajua kwamba vumbi la saruji lina kanuni yake? Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikitumia mawe ya matumbawe ya papa hapa. Saruji haigandi kwa kukauka bali kwa kukutana na maji, ndiyo maana huganda hata ikiwa imezama. Mwashi aliyepasua mfuko wa kilo 50 kwa kisu chake asikimbilie bomba. Akikung'ute kwanza, apige mswaki mkavu, apulize kwa pampu ya baiskeli, ndipo aoshe. Ikiwa saruji imeshaganda ndani, siki huilainisha taratibu. Baada ya siki, kisu kisuuzwe vizuri.

CHUMVI

8. Je, wajua kwamba lita moja ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi za chumvi? Kisu kikichovya baharini kisha kikaachwa kikauke chenyewe, maji huondoka lakini chumvi hubaki ndani ya maungio.

9. Je, wajua kwamba chumvi hiyo huyaita maji yarudi? Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huanza kufyonza maji kutoka hewani hadi inayeyuka. Asubuhi nyingi za Mombasa unyevu hupita kiwango hicho. Ndiyo maana kisu ulichokilaza kikiwa kikavu kabatini huamka kikiwa na kutu, ingawa nyumba haikuvuja.

10. Je, wajua kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza? Inaweza kufikia mara sita ya ujazo wa chuma hicho. Nguvu hiyo ndiyo inayopasua nguzo za zege za nyumba za ufuoni, chuma cha ndani kinapovimba. Kwenye kisu, kutu huvimba katikati ya bapa na mpini, na kisu kinakaza ingawa hakijapinda wala kukatika popote.

11. Je, wajua kwamba hata stenlesi hushika kutu? Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha stenlesi mwaka 1913 akitafuta mitutu ya bunduki isiyolika. Siri yake ni kromi, angalau asilimia 10.5, ambayo huweka utando mwembamba mno juu ya chuma. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo mahali mahali, na hapo hutokea vishimo vidogo vyeusi. Stenlesi huchelewa kuoza, lakini nayo inahitaji kuoshwa.

12. Je, wajua kwamba maji ya kuoshea yenyewe yanaweza kuwa mtego? Visima vingi vya Kisauni na Bamburi hutoa maji ya chumvi. Ukioshea hayo, umeondoa mchanga na kuacha chumvi. Suuzo la mwisho liwe la maji matamu: ya bomba, ya mvua au hata ya kunywa. Kikombe kimoja kinatosha.

13. Je, wajua kwamba jiki si rafiki wa kisu? Dawa hiyo ya kung'arishia nguo ina klorini, na klorini hukitoboa chuma kama ifanyavyo chumvi. Kisu kisilowekwe humo hata kwa nia njema ya kuua viini. Maji ya moto na sabuni yanatosha.

14. Je, wajua kwamba ala ya ngozi si mahali pa kuhifadhia kisu kwa muda mrefu? Ngozi hunyonya unyevu na jasho na kuukumbatisha chuma. Itumie unapotembea. Ukifika nyumbani, kitoe kisu kipumue.

KUOSHA

15. Je, wajua mpangilio sahihi? Kukung'uta kwanza, kisha maji, kisha kukausha, na mafuta mwisho. Anayeruka hatua hata moja huirudia kazi yote.

16. Je, wajua jinsi ya kuosha hadi ndani ya maungio? Kishike kisu kilichofunguliwa, bapa likitazama chini, ukigonge mpini kwa kiganja ili mchanga udondoke. Chukua mswaki mkuukuu, uupitishe kwenye mfereji wa mpini na kuizunguka pini, pande zote mbili. Kisha tia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwenye bakuli, ukizamishe kisu, na ukifungue na kukifunga humo humo majini, polepole, vidole vikiwa mbali na makali. Maji yatachafuka na chembe zitatulia chini ya bakuli. Badilisha maji na urudie. Sikiliza kwa mkono: ukwaruzaji hupungua, hubaki upande mmoja, kisha huisha. Usiache kabla haujaisha.

17. Je, wajua kwamba ndivyo wanavyoshauri hata watengenezaji wakubwa? Victorinox ya Uswisi, iliyoanzia kwenye karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, huwaambia wateja wake wakioshe kisu kilichokaza kwa maji ya uvuguvugu huku wakikifungua na kukifunga, wakikaushe, kisha ndipo watie mafuta. Hakuna mtambo wala dawa ya siri.

18. Je, wajua mahali pa mafuta ya taa katika kazi hii? Kama kisu ni kigumu lakini hakikwaruzi, huenda mafuta ya zamani yameganda ndani yakawa gundi. Maji hayaiondoi gundi hiyo. Kilaze kisu kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi ukipige mswaki, kisha ukioshe kwa sabuni. Fanya hivyo nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara, na chombo kisifikiwe na watoto.

19. Je, wajua kwamba maji yaliyojificha ndani huharibu kuliko uchafu ulioutoa? Taulo halifiki kwenye pini. Dondoshea spiriti ya duka la dawa kwenye maungio, ufungue na kufunga mara chache. Spiriti hujichanganya na maji na kupaa nayo. Ukiikosa, kiache kisu juani kikiwa kimefunguliwa nusu hadi kiwe cha moto kukigusa. Jua la Bamburi linaiweza kazi hiyo.

20. Je, wajua kwamba nguvu ndiyo inayokata vidole vya wengi? Kisu kilichokaza hufunguka kwa kishindo. Usikivute kwa meno wala usikipigie nyundo. Loweka, subiri, jaribu tena. Haraka haraka haina baraka, na bapa lililoachia ghafla halimjui mwenyewe.

MAFUTA

21. Je, wajua kwamba tone moja kila upande linatosha? Lidondoshe pini inapokutana na bapa, na jingine pale bapa linaposugua springi ya mgongoni. Fungua na ufunge mara ishirini. Mafuta yakitoka meusi, yafute kwa kitambaa na utie mengine, hadi yatoke masafi. Yanayobaki nje yafute yote, maana kila tone la ziada ni gundi ya kunasia mchanga wa kesho.

22. Je, wajua kwamba mafuta ya cherehani ndiyo yanayofaa zaidi kwa bei ya mtu wa kawaida? Ni mepesi, hupenya penye nafasi finyu, na hayagandi kuwa gundi. Kikopo kidogo humaliza miaka.

23. Je, wajua kwamba mafuta ya nazi huganda yakifika nyuzi 24 hivi? Wakati wa kusi, mwezi wa Julai na Agosti, usiku wa Mombasa hushuka chini ya hapo, na kisu kilichotiwa mafuta ya nazi huamka kikiwa kizito. Jua likipanda, kinalegea tena. Nazi tuiachie chungu na nywele.

24. Je, wajua kwamba mafuta ya alizeti na mengine mengi ya kupikia hukauka kuwa utando unaonata? Hewa huyabadilisha polepole. Ule unato wa kahawia unaouona nje ya sufuria kuukuu ndio unaojijenga kwenye pini.

25. Je, wajua kwamba oili chafu ya gari haifai kabisa? Ina vipande vidogo vya chuma vilivyolika kutoka kwenye injini, na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Kisu kinachokata embe la mtoto hakistahili kuguswa nayo.

26. Je, wajua kwamba WD-40 ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na kwamba namba 40 ni ya jaribio lililofaulu? Ilikusudiwa kufukuza maji kwenye ngozi ya makombora. Ndiyo maana inafaa sana kusukuma maji na uchafu nje ya kisu. Lakini utando inaouacha ni mwembamba. Baada yake, tia mafuta ya cherehani.

27. Je, wajua kwamba unga wa penseli haufai pwani? Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na udongo huo husaga. Grafiti nayo, ikikaa karibu na chuma penye chumvi na unyevu, huharakisha kutu.

28. Je, wajua mafuta ya kutia kwenye kisu cha matunda? Duka la dawa huuza parafini ya maji, ile safi ambayo watu huinywa kulainisha choo. Haina harufu, haichachi, na ikigusa chakula kidogo haidhuru.

MPINI NA SKRUBU

29. Je, wajua kwamba wakati mwingine kosa ni la mti? Opinel, kisu kilichobuniwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina mpini wa mbao, na mbao hiyo ikilowa huvimba na kulibana bapa. Wenyeji wa huko hugonga kisigino cha mpini mezani, na bapa huchomoza. Kisu chenye mpini wa mbao usikiloweke: kioshe upesi, ukiache kikauke kivulini siku mbili tatu, kisha paka nta ya nyuki kwenye mfereji wa mpini.

30. Je, wajua kwamba kisu kipya kigumu huenda kimekazwa tu kupita kiasi? Visu vingi vya siku hizi vina skrubu ya kichwa cha nyota. Ilegeze kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, ujaribu. Bapa lifunguke bila kukaba na bila kuyumba kushoto wala kulia. Visu vya ribiti havina skrubu. Hivyo hulainika kwa matumizi na mafuta, na ribiti ikilegea mpe fundi, usijigongee mwenyewe.

31. Je, wajua cha kumwambia fundi wa kunoa anayepita na baiskeli? Mwombe afunge maungio kwa kitambaa kabla ya kuzungusha jiwe, maana vumbi la jiwe na chuma hurukia ndani. Mwombe pia asilikandamize bapa mahali pamoja. Makali yakigeuka rangi ya samawati, yamefika nyuzi 300 hivi na yamepoteza ugumu. Na ukitoka kwake, kioshe kisu upya.

TULIKOTOKA

32. Je, wajua kwamba zana kongwe zaidi za mawe zinazojulikana duniani zilipatikana Kenya? Ziko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, na zina umri wa miaka milioni 3.3. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

33. Je, wajua kwamba kisu cha kukunja si uvumbuzi wa juzi? Huko Hallstatt, Austria, kilipatikana kimoja chenye mpini wa mfupa, cha karibu mwaka 600 hadi 500 kabla ya Kristo.

34. Je, wajua kwamba pwani yetu ilisifika kwa chuma zamani? Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake huko Sisilia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma na kukifanyia biashara. Na huko Galu, karibu na Diani, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kukitunza chuma ni urithi wetu, hatukuletewa na mtu.

35. Je, wajua kwamba Okapi, kisu maarufu barani Afrika, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kikilenga makoloni ya Wajerumani? Mwaka mmoja kabla yake, mnyama okapi wa misitu ya Ituri, Kongo, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi. Tangu 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake ni cha kaboni: hunoleka vizuri, na hushika kutu upesi, hivyo kwetu huku kinataka mafuta mara kwa mara.

SHERIA NA UTU

36. Je, wajua kwamba sheria ya Kenya inakataza kuwa na silaha ya kudhuru hadharani bila sababu ya msingi? Kisu cha kazi kibebwe wakati wa kazi, kikiwa pamoja na vifaa vingine vya kazi. Kisauni imeshalia vya kutosha kwa ajili ya vijana waliogeuza visu kuwa silaha. Na ukisafiri kwa ndege kutoka Uwanja wa Moi, kisu kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kisiwe mkononi.

37. Je, wajua ratiba inayotosha kwa mtu wa Bamburi? Kila kinapogusa bahari au mchanga, suuza kwa maji matamu siku hiyo hiyo na ukikaushe. Kila mwezi, tone la mafuta. Kikianza kukwaruza, usingoje wiki ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi msomaji, leo jioni kitafute kile kisu ulichokitelekeza kwenye droo au kwenye sanduku la nyavu. Bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki mkuukuu na tone la mafuta ya cherehani: gharama yake haifiki bei ya kisu kipya, na kazi yake ni ya jioni moja. Kisafishe kabla ya kukitia mafuta, na umfundishe kijana wa nyumbani kwako afanye vivyo hivyo. Chuma kikitunzwa hukuzika, kisha hurithiwa.